Pittsburgh bila gari: tupange wapi, tusafiri vipi? (familia ya watu 3, tunafika Agosti)

MgeniWaAgosti

Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya miaka 2 Pittsburgh, Pennsylvania, na chuo kiko eneo la Oakland. Tunakuja watu 3: mimi, mke wangu na mtoto wa miaka 4. Kodi ya pango tunayoweza kumudu ni dola 1,400 kwa mwezi, tukijibana sana 1,500. Gari hatuna.

Nikitazama ramani naona nyumba nyingi ziko kilomita 2 au 3 tu kutoka chuoni, lakini bei zinapishana mno na sielewi kwa nini. Naomba wanaoujua mji huu wanisaidie: mtaa gani unafaa kwa familia isiyo na gari? Mkataba wa pango huko una mitego gani? Na je, gari ni la lazima au tunaweza kukaa bila gari miaka yote 2?

---

RatibaYaBasi

Karibu sana mkuu. Kwa Pittsburgh, chagua kwanza njia ya basi, nyumba ije baadaye. Wengi hufanya kinyume chake, na Januari ndipo wanapojuta.

Ukiitazama ramani kama karatasi bapa itakudanganya. Mji umekaa mahali mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuzaa mto Ohio, na mitaa imeparamia vilima pande zote. Zipo ngazi za umma zaidi ya 700, na baadhi yake zimeandikwa kwenye ramani kwa jina la barabara kamili. Kwa hiyo programu ya simu inakwambia "dakika 8 kwa miguu" kumbe ni ngazi 200 na mtoto mgongoni. Mtaa wa Beechview una barabara ya Canton Avenue yenye mwinuko wa asilimia 37. Kabla hujalipa senti, fungua picha za barabarani za mtandaoni na utembee kwa macho kutoka kituo cha basi hadi mlangoni. Ukiona ngazi za zege katikati ya njia, hesabu kwamba miezi ya theluji hazipitiki, utazunguka.

Sasa mitaa:

Squirrel Hill ndiyo ningeiweka juu kwa familia yenu. Basi za 61A, 61B, 61C na 61D zote zinapita hapo kwenda Oakland. Zinafuatana kwenye Forbes Avenue mpaka njia panda ya Forbes na Murray, halafu 61C na 61D zinakunja kushuka Murray Avenue, wakati 61A na 61B zinaendelea na Forbes kuelekea mashariki. Maana yake ukipata nyumba karibu na njia panda hiyo una njia 4 za kukupeleka chuoni. Ukishuka chini Murray unabaki na 2. Huo ndio msingi wa tofauti ya bei unayoishangaa. Maktaba ya umma iko hapo hapo kwenye kona, na maduka ya chakula yako kwenye Murray yenyewe, kwa hiyo mama na mtoto hawahitaji basi kwa kila kitu.

Shadyside: kundi la basi za 71 (71A hadi 71D) ndilo linalohudumia upande huo kwenda Oakland. Pazuri, ila kodi iko juu. Friendship na Bloomfield zina basi ya 54 na ni tambarare kiasi, jambo adimu Pittsburgh.

Greenfield kodi hushuka na kwenye ramani inaonekana iko jirani kabisa. Lakini iko mlimani na basi zinazofika kwenyewe ni chache. Ichukue tu ikiwa nyumba iko ukingoni, upande wa Murray.

Wilkinsburg na Swissvale ziko kwenye East Busway, barabara ya mabasi pekee iliyofunguliwa mwaka 1983, haina foleni. Basi ya P3 inakutoa huko moja kwa moja hadi Oakland, ila inatembea Jumatatu hadi Ijumaa tu. Jumamosi ukiwa na kazi ya maabara utapanda P1 na kubadilisha. Jueni pia kwamba hizo mbili si Pittsburgh. Ni manispaa zinazojitegemea, na shule na kodi ya mapato hufuata mpaka. Mkazi wa Pittsburgh hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya jiji na shule zake (1 ya jiji, 2 za shule), nje ya mpaka mara nyingi ni 1. Ukipata kazi ya msaidizi chuoni hilo litakugusa.

Beechview na Dormont zina treni ya umeme, Red Line, watu huiita "T". Usivutike na neno treni. T haifiki Oakland. Utashuka katikati ya jiji na kupanda basi.

Nauli: dola 2.75. Ukilipa taslimu dereva harudishi chenji na hupati haki ya kubadilisha basi. Ukitumia ConnectCard (kadi ya nauli) au programu ya simu ya Ready2Ride, nauli hiyo moja inafanya kazi saa 3, basi lolote, hata kurudi ulikotoka. Mama akienda sokoni na kurudi ndani ya saa 3, amelipa mara moja. Tiketi ya siku 7 ni 25, ya mwezi 97.50. Gawanya 97.50 kwa 2.75 uone: ya mwezi inalipa ukifikia nauli 36. Kwa mtu anayetoka mara 4 kwa wiki, asiinunue. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipiwi nauli. Wewe mwenyewe, kama chuo chako ni Pitt (University of Pittsburgh) au Carnegie Mellon, kitambulisho cha chuo kinakupandisha bure.

Kipimo kimoja cha mwisho: weka anwani ya nyumba kwenye programu ya safari na uulize mara 3. Jumanne saa 2 asubuhi, Jumamosi saa 4 usiku, Jumapili saa 3 asubuhi. Nyumba ikifaulu la Jumanne tu, hiyo ni nyumba ya mwenye gari.

---

KaratasiKwanza

Naongezea upande wa mkataba, maana hapo ndipo pesa inapopotelea.

Amana. Sheria ya wapangaji ya Pennsylvania ya mwaka 1951 inasema mwaka wa kwanza mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana inayozidi kodi ya miezi 2. Kuanzia mwaka wa pili, mwisho ni mwezi 1. Kaka, wewe unakaa miaka 2, kwa hiyo hili linakuhusu moja kwa moja. Ukitoa 2,800 kwa nyumba ya 1,400, siku unapoanza mwaka wa pili 1,400 inatakiwa irudi kwako. Hairudi yenyewe, andika barua uidai. Kipengele cha mkataba kinachosema umeiacha haki hiyo hakina nguvu.

Ukihama, mwenye nyumba ana siku 30 kukupa orodha ya uharibifu kwa maandishi pamoja na salio. Siku hizo zikipita bila orodha, amepoteza haki ya kuzuia pesa kwa ajili ya uharibifu, na unaweza kudai mara 2 ya kilichozuiwa. Sharti lake ni moja dogo ambalo watu hulisahau: lazima uwe umempa anwani yako mpya kwa maandishi. Bila hiyo, dai la mara 2 linakufa. Kesi hupelekwa kwa hakimu wa wilaya, anayeitwa Magisterial District Judge, ambaye husikiliza madai hadi dola 12,000, na huhitaji wakili.

Siku ya kupokea funguo piga picha kila ukuta, ndani ya jiko la kuokea, ndani ya friji, chini ya sinki, kila dirisha. Zitume kwa mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili tarehe ijishuhudie. Agosti wapangaji wa zamani hutoka na wapya kuingia ndani ya siku chache, nyumba husafishwa juu juu, na uchafu wa aliyetangulia unaweza kuandikwa kwa jina lako.

Joto la nyumba. Hili ni kubwa kuliko unavyodhani. Uliza nyumba inapashwa joto kwa kutumia nini: gesi au umeme, na nani analipa. Nyumba kuukuu yenye vipasha joto vya umeme vilivyopachikwa chini ya kuta inaweza kuwa na kodi ndogo halafu bili ya Januari ikafuta faida yote. Omba bili za Januari na Februari zilizopita, si wastani wa mwaka. Nyumba ya 1,350 ambayo joto na maji viko ndani ya kodi inaweza kuwa rahisi kuliko ya 1,200 ambayo kila kitu ni chako. Ukiwa umeshahamia, mtu akigonga mlango akitaka "kuona bili yako ya umeme ili akupunguzie", usimpe. Pennsylvania inaruhusu kampuni mbalimbali kukuuzia umeme kupitia waya za Duquesne Light, na hao wagonga milango wanatafuta namba ya akaunti ili wakuhamishe. Ukitaka kweli kulinganisha bei, tovuti ya serikali ni PAPowerSwitch.

Mtoto. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, mwenye nyumba anatakiwa na sheria ya nchi nzima akupe fomu ya kueleza anachokijua kuhusu rangi yenye madini ya risasi, pamoja na kijitabu, kabla hujasaini. Pittsburgh imejaa nyumba za aina hiyo. Angalia fremu za madirisha: rangi inayobanduka pale dirisha linaposuguana ndiyo hatari zaidi, kwa sababu vumbi lake linaangukia kwenye kingo anakoshika mtoto. Mamlaka ya maji, Pittsburgh Water (zamani PWSA), ina ramani mtandaoni ya mabomba ya risasi. Ingiza anwani uone.

Matapeli. Kabla ya kutuma chochote, ingiza anwani kwenye tovuti ya kumbukumbu za majengo ya Allegheny County. Itakuonyesha jina la mmiliki. Linganisha na jina lililo kwenye mkataba. Kama anayeandikiana nawe ni wakala, aeleze uhusiano wake na mmiliki. Anayedai pesa kwa njia isiyorudishika kabla ya kuonyesha nyumba kwa video ya moja kwa moja, achana naye. Na wakati wa video mwambie afungue bomba la maji ya moto, awashe taa, atoke nje hadi kwenye kibao cha barabara. Tapeli ana picha za ndani lakini hana ufunguo.

---

MgeniWaAgosti

Nashukuru sana, hii ni hazina. Swali dogo: wenye nyumba 2 niliowaandikia wanataka mapato ya mara 3 ya kodi, historia ya mikopo ya Marekani na mdhamini anayeishi Marekani. Sina hata kimoja. Mke wangu atakuja kwa viza ya F-2, ya mwenzi wa mwanafunzi.

---

KaratasiKwanza

Mwenye F-2 haruhusiwi kuajiriwa, kwa hiyo usimhesabu mkeo kwenye mapato. Badala ya karatasi 3 wanazotaka, peleka hizi kwa pamoja kwenye faili moja: I-20 (fomu ya chuo kwa mwanafunzi wa kigeni, ina sehemu inayoonyesha fedha zako za mwaka), barua ya ufadhili au ya kazi ya msaidizi chuoni ikionyesha kiasi kwa mwezi, taarifa ya benki, na barua ya mwenye nyumba wako wa sasa kwamba unalipa kwa wakati. Iwe kwa Kiingereza, kurasa zisizidi 6. Elekeza nguvu kwa wenye nyumba wadogo wenye jengo 1 au 2 kwa sababu hao husoma faili. Makampuni makubwa mara nyingi hutumia mfumo wa kompyuta, na mfumo hausomi barua.

Uliza pia tarehe ya kuongeza mkataba. Karibu na vyuo, baadhi ya mikataba inataka jibu lako la mwaka ujao mapema sana, hata Novemba. Ukinyamaza, nyumba inaonyeshwa kwa wengine.

---

Mlala_Oakland

Nadandia uzi, samahani. Sisi ni vijana 4, hatuna undugu, tumeona nyumba ya vyumba 4 South Oakland. Ni sahihi?

---

KaratasiKwanza

Mdogo wangu, kanuni za Pittsburgh zinaweka kikomo cha watu 3 wasio na undugu katika makazi mamoja. Vyumba vinaweza kuwa 4 na mwenye nyumba akafurahi kuwaingiza, lakini ukaguzi ukija, wa 4 ndiye anayetafuta pa kwenda katikati ya muhula. Dalili: mwenye nyumba anataka majina 3 kwenye mkataba na wa 4 "alipe pembeni". Huyo wa 4 hana karatasi yoyote ya kumlinda.

Angalieni pia maneno "jointly and severally". Maana yake kila mmoja anadaiwa kodi yote. Mmoja akirudi nyumbani Desemba, sehemu yake ni yenu. Na chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha la mtu mzima kupita wakati wa moto si chumba cha kulala, hata kama kina kitanda.

---

SpanaNa13

Naona swali la gari halijajibiwa moja kwa moja, ngoja nilijibu. Muhula wa kwanza kaa bila gari, nakubaliana. Ila leseni anza kuishughulikia mapema, hata kama gari hulinunui. Inakuwa kitambulisho chako kila mahali, na siku ukihitaji gari la kukodi uko tayari.

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda haibadilishwi moja kwa moja. Utafanya mtihani wa macho, wa maarifa na wa barabarani. Fomu ni DL-180, na ina sehemu ya kujazwa na daktari au muuguzi mwenye idhini, kwa hiyo usiende PennDOT (idara ya usafiri ya jimbo) na fomu tupu. Beba pasipoti, I-20, I-94 (rekodi yako ya kuingia nchini), ushahidi 2 wa makazi (mkataba wa pango na bili), na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) au barua kutoka ofisi hiyo kwamba hustahili kupewa namba. Barua hiyo ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani mikono mitupu. Usikimbilie ofisi ya Social Security siku ya pili ya kufika. Jisajili chuoni kwanza na usubiri angalau siku 10, taarifa zako zionekane kwenye mifumo yao.

Mtihani wa maarifa una maswali 18, unatakiwa kupata 15. Wa barabarani unaanza na kuegesha sambamba na ukingo wa barabara katika nafasi yenye urefu wa futi 24 na upana wa futi 8 (mita 7.3 kwa 2.4). Unaruhusiwa kurekebisha mara 3 tu. Ukigusa nguzo au kupanda ukingo, mtihani umekwisha hata barabarani hujafika. Fanya zoezi hilo kwa gari lile lile utakalolitumia. Gari unaleta mwenyewe, likiwa na usajili, bima na ukaguzi ulio hai, na aliyekusindikiza awe na leseni na umri wa miaka 21 au zaidi. Stika ya ukaguzi ikiwa imeisha jana, hufanyiwi mtihani.

Mkiamua kununua la mtumba, adui ni chumvi. Barabara zinamwagwa chumvi msimu wote wa baridi, na chesisi inaliwa kutoka chini huku rangi ya juu ikimeta. Pennsylvania ina ukaguzi wa usalama kila mwaka, na Allegheny County inaongeza wa moshi. Tundu la kutu kwenye sakafu au kwenye mhimili wa chini ya milango linaangusha gari kwenye ukaguzi, na kuchomelea si kazi ya bei ndogo. Kwa hiyo lala chini na tochi. Bonyeza kwa kidole gumba mhimili ulio chini ya milango, nyuma ya gurudumu la mbele na mbele ya la nyuma. Ukibonyea au ukitoa unga wa kahawia, ondoka. Fuata bomba za breki kuelekea nyuma: kutu ya juu juu ni kawaida, magamba yanayovimba si kawaida. Rangi nyeusi mbichi iliyopuliziwa chini yote wiki hii inaficha kitu.

Hati ya umiliki: muuzaji asisaini mapema. Mnakwenda pamoja kwa wakala wa leseni au mthibitishaji, anasaini pale. Kodi ya mauzo Allegheny County ni asilimia 7 (jimbo 6, kaunti 1), kwa hiyo gari la 6,000 linaongeza 420 kabla ya ada nyingine. Namba za gari hubaki kwa muuzaji. Wewe unapata zako hapo hapo kwa wakala, lakini sharti uwe na bima tayari.

Bima: kiwango cha chini cha jimbo ni 15,000 kwa majeruhi mmoja, 30,000 kwa ajali, na 5,000 kwa mali ya mtu. Hiyo 5,000 haitengenezi ubavu wa gari jipya, kinachobaki unadaiwa wewe. Panda juu zaidi. Utaulizwa "limited tort" au "full tort". Ya kwanza ni nafuu, lakini unaachia haki ya kudai fidia ya maumivu isipokuwa kwa jeraha kubwa. Usiweke tiki kwa haraka.

Na kiti cha mtoto: miaka 4 hadi 8 anatakiwa kiti cha kumwinua, hata kwenye Uber. Basi halina sharti hilo.

---

MgeniWaAgosti

Ahsanteni sana jamani. La mwisho: tukitua na mabegi 5 na mtoto, tunafikaje Oakland?

---

RatibaYaBasi

Basi ya 28X, inatoka uwanja wa ndege, inapita katikati ya jiji, inaendelea hadi Oakland bila kubadilisha. Nauli ile ile 2.75 kwa mtu mzima. Pakueni Ready2Ride na kununua tiketi mkiwa bado na intaneti ya uwanja, au shikeni noti za dola 1 na sarafu za robo, maana noti ya 20 mkiitumbukiza imekwenda. Siku ya kufika kitambulisho cha chuo huna bado, kwa hiyo nunua 2. Mabegi 5 kwa watu wazima 2 ndani ya basi ni kazi ngumu saa za jioni. Ndege ikitua kati ya saa 9 na saa 12 jioni siku ya kazi, chukueni Uber. Kiti cha mtoto kileteni kama mzigo wa ndege, mashirika mengi ya ndege hayakitozi.

Kitu kimoja mkifika: muulize mwenye nyumba nani anasafisha theluji mbele ya nyumba. Pittsburgh inadai njia ya miguu isafishwe ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma, na mikataba mingi ya nyumba ndogo humtupia mpangaji. Kama ni wewe, nunua koleo na mfuko wa chumvi Novemba, kabla maduka hayajaishiwa.